Kibao Kilichogeuzwa Siku ya Sabato

Jumatatu usiku. Mvua imeacha lakini mabati bado yanadondosha. Matope ya njia ya Nyanungu yamenipanda mpaka magotini na suruali sijabadilisha. Nimekaa sebuleni na simu mkononi, chai iko mbele yangu, imepoa mpaka imefanya utando. Ninyi mnaopita hapa kusoma mmezoea nikiandika habari za kwaya, au za mihogo yangu iliyoliwa na panya. Leo sina moyo wa hayo.

Leo nusura nimtoe mtu macho. Na mtu mwenyewe ni baba mzazi wa mke wa mwanangu.

Ngoja nieleze polepole, maana nikikimbia najijua, nitajipendelea.

Mimi ni fundi wa bunduki hapa Tarime mjini, mwenye leseni, na chumba changu cha kazi kiko nyuma ya nyumba. Kazi nyingi ni za kawaida: kitako kilichopasuka, springi iliyochoka, kutu kwenye shotigani ya mfugaji fulani. Lakini ipo kazi moja ndogo ambayo naipenda kuliko zote, nayo nina kibali chake: kujaza upya risasi za bastola za zamani, zile za kuzungusha, zenye mdomo mwembamba. Risasi zake madukani haziji tena. Na hata zingekuja, bastola zenyewe zimezeeka, chuma kimechoka, ukiilisha risasi ya nguvu inapasukia mkononi. Kwa hiyo mwenye nayo anatunza maganda ya risasi alizokwisha kupiga kama mama anavyotunza chupa za mafuta, ananiletea, na mimi nayajaza kwa upole. Baruti kidogo tu, ya kukisukuma kichwa cha risasi kifike kwenye gunzi la mahindi na kuliangusha. Ni risasi ya wazee kuchezea shabaha, basi.

Mwenye bastola ya namna hiyo ni Mzee Gesase wa Nyanungu. Alikuwa askari wa wanyamapori huko Serengeti mpaka akastaafu. Bastola aliachiwa na baba yake, na karatasi zake zote ziko sawa. Jioni moja moja huwa anakaa na wazee wawili wa rika lake, wanapanga magunzi juu ya kichuguu, wanapiga kwa zamu, na anayeshindwa analeta sukari. Si mtu wa kanisa, anashika mambo ya wazee, lakini ni mtu mwema na tunaheshimiana sana. Binti yake, Robhi, ameolewa na mwanangu Chacha. Chacha anaendesha lori na wiki hii yuko ng'ambo ya Sirari, na Robhi anakaa hapa nyumbani kwetu na mtoto wao mchanga.

Sasa hapa kuna jambo ambalo Mkurya mwenzangu analijua, na mgeni ataniona wa ajabu.

Mimi na Robhi hatuongei.

Wala hatujagombana. Ni heshima yetu, ni soni. Mke wa mwanao hakai ulipokaa, hakuiti, hapiti mbele yako ukiwa unakula, na wewe hukanyagi jikoni anakopika. Akiwa na neno anampa mama mkwe wake, naye anakuletea. Ukiwa na neno, njia ni hiyo hiyo. Tangu aingie nyumba hii, salamu yake naipokea kwa mbali, ameinama, inatoka chini chini hata siisikii. Na niseme ukweli mbele za Mungu: nilikuwa najivunia jambo hilo. Wazee wenzangu kanisani wakilalamika kwamba wakamwana wa siku hizi wanajibizana na baba mkwe kama wanagombania kiti cha basi, mimi nilikuwa nasema, wa kwangu mimi hata sauti yake siijui. Walinisifu. Nami nikapokea sifa.

Ijumaa nilikuwa na maganda ya Mzee Gesase mezani. Nilishayasafisha, nilishayawekea fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, kwenye makalio yake, yamesimama kwenye kibao cha matundu kama watoto wa shule mstarini. Nikaanza kutia baruti kutoka upande wa dirishani kama ninavyoanza siku zote. Nilipofika katikati ya kibao nikaona mwanga ukutani umekuwa mwekundu. Sisi tunaoshika Sabato tunaelewa maana yake. Jua la Ijumaa likizama, mkono unaachia ulichokishika. Sikuongeza hata ganda moja. Nikafunika kibao kwa kitambaa cheupe, nikajiambia, upande wa dirishani umepata, upande wa ukutani bado, Jumapili nitaendelea.

Kibao changu hakina alama. Pande zote zinafanana. Sikuwahi kuona haja ya alama kwa kuwa hakuna anayekigusa zaidi yangu.

Na ufunguo. Kwa mujibu wa kibali changu, ufunguo wa chumba kile unatakiwa ulale mfukoni mwangu mimi, si kwa mtu mwingine. Lakini mimi nina tabia: siku ya Sabato sipendi kwenda mbele za Mungu na ufunguo wa kazi mfukoni. Naona kama naenda na kazi yenyewe. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nautundika kwenye msumari hapa sebuleni. Nilidhani huo ni uchaji.

Jumamosi nilishinda kanisani. Mke wangu, Mama Chacha, alikuwa Sirari kumuuguza dada yake. Robhi alibaki peke yake na mtoto aliyekuwa na homa.

Jumapili asubuhi nikafungua chumba. Kitambaa kiko mahali pake, kibao kiko mahali pake, kila kitu kimetulia. Nikaanza kutia baruti upande wa ukutani. Mzee Gesase naye alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi nje ya dirisha na kikombe cha chai, na kwa kuwa mzee yule hajui kukaa kimya, akawa ananichokoza.

"Mura, unajaza risasi au unatunga sheria ya nchi?"

Mura ni kijana. Mimi nina mjukuu, lakini kwake nitakuwa mura mpaka nizikwe.

"Subira kidogo, mzazi mwenzangu. Baruti haitaki papara."

"Baruti haitaki papara, gari la Nyanungu linataka. Likiniacha utanibeba mgongoni."

Tukacheka. Nikamaliza kutia baruti, nikavuta mashine, nikaanza kufunga vichwa.

Kazi hii ina sheria moja iliyo mama wa zote. Kabla hujafunga kichwa juu ya ganda, unawasha tochi na kutazama ndani ya kila moja, bila kuruka hata moja. Baruti yenyewe ni kidogo na ganda ni refu, ndani ni giza kama kisima. Ukitia mara mbili kwa bahati mbaya, ganda linameza na kunyamaza, kwa juu huoni kitu. Kwa risasi za nguvu baruti ingemwagika ukakiona kituko mapema. Hizi za upole ndizo zinazoficha. Marehemu fundi aliyenifundisha kule Musoma alivumilia makosa yangu yote isipokuwa hilo.

Tochi ilikuwa mezani, karibu na kiwiko changu.

Sikuiwasha.

Nimejiuliza sababu njia nzima leo. Mzee alikuwa ananisubiri, ndiyo. Lakini si hilo. Ni kwamba baruti niliyoipima Ijumaa kwa ajili ya kibao kile iliisha sawasawa kwenye ganda la mwisho. Haikubaki, haikupungua. Nikaona imejitimiza yenyewe, ya nini tena kutazama? Nikafunga vichwa vyote, nikapanga risasi kwenye kasha, nikampa Mzee kwa mikono miwili. Akaniambia atazijaribu Jumatatu jioni, ng'ombe wakisharudi, kwa sababu rika lake wamemtania sana na safari hii anataka wao ndio walete sukari.

Leo alasiri Mama Chacha amerudi kutoka Sirari. Tumekaa kula. Akawa ananipa habari za dada yake, anaendelea vizuri, halafu akasema huku anatabasamu:

"Umshukuru mkamwana wako. Amekuokolea vitu vyako."

"Vitu gani?"

"Jumamosi mvua ilivuja kule chumbani kwako, juu ya meza kabisa. Alisikia matone akiwa jikoni. Akachukua ufunguo, akakitoa kile kibao chako chenye matundu, akakiweka pakavu, akapanguza meza. Mvua ilipokata akakirudisha pale pale. Eti hata kitambaa amekikunja kama ulivyokikunja mwenyewe."

"Alikirudisha upande ule ule?"

"Upande gani? Baba Chacha, kibao nacho kina mbele na nyuma?"

Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Maana nilielewa palepale. Kama kibao kiligeuka, basi yale maganda niliyoyatilia baruti Ijumaa ndiyo niliyoyatilia tena Jumapili. Na yale ambayo hayakupata, hayakupata kabisa. Ndiyo maana baruti ilitosha! Ilitosha kwa sababu ilikwenda yote kwa nusu moja.

Wasiojua kazi hii wanielewe hivi. Risasi isiyo na baruti ina fataki peke yake. Ukiipiga, inatoa sauti kidogo tu, na kichwa kinajikokota mpaka katikati ya mtutu kinakwama humo. Mpigaji anadhani imegoma. Anavuta tena. Na kama inayofuata ina baruti mara mbili, haina pa kutokea. Bastola kuukuu kama ile inafunguka kama ua, na uso wa mtu uko pale pale.

Nikachukua simu. Mzee Gesase hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikasimama, nikakaa, nikasimama. Mama Chacha akawa anauliza kuna nini, nami namjibu vipande vipande kwa sauti kubwa, kwamba risasi za Mzee zimeharibika, kwamba zitamuua, kwamba anapiga jioni hii hii.

"Baba."

Niligeuka nikidhani ni jirani. Kweli kabisa, sauti sikuitambua.

Ni Robhi. Amesimama kwenye mlango wa sebule, mtoto mgongoni, macho chini. Amekuja pale ambapo hakuwahi kufika nikiwa nakula.

"Baba, nilikigeuza. Mlango ule ni mwembamba. Niliingia nacho hivi," akaonyesha kwa mikono, "nikakiweka kwa kuzunguka meza. Kiligeuka. Nakumbuka kabisa kiligeuka."

Mama Chacha akaacha mdomo wazi.

"Na simu ya tata haishiki akiwa bondeni," akaendelea, akimaanisha baba yake, haraka haraka, kama anayeogopa kwamba akipumua hatasema tena. "Mpigie mama wa duka la njia panda. Ninayo namba yake."

"Nipe," nikasema.

Hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia mke wa mwanangu. Nipe. Hata asante sikuongeza.

Mama wa duka alipokea. Akasema wazee wameshateremka bondeni na magunzi yao, amewaona wakipita wanacheka. Nikamwambia awazuie. Akasema, baba yangu, miguu yangu hii unaijua? Akaahidi kumwambia yeyote atakayepita kuelekea huko. Nikaona hapo hakuna wa kumtegemea, nikatia koleo mfukoni, nikatoka mbio kutafuta pikipiki.

Sijui nieleze vipi safari ile. Mvua ilikuwa imelala barabarani, pikipiki inaserereka kama sabuni, nami nimemshika dereva kiunoni naomba kwa sauti. Dereva akageuza shingo. "Unasemaje, mzee?" Nikamwambia, "Naongea na Mungu, wewe endesha." Akasema, "Basi mtajie na haya matope." Siku nyingine ningecheka. Nilikuwa naomba maombi mabovu, ya mtu aliyebanwa. Bwana, wacheleweshe ng'ombe wake. Bwana, mvua irudi. Bwana, asahau kasha nyumbani. Sikuomba kusamehewa hata mara moja. Niliomba tu nisikutwe na jambo.

Tulipoanza kushuka bondeni nilisikia.

Sauti ndogo. Kama mtu amepiga kofi moja ndani ya blanketi. Halafu vicheko vya wazee.

Nikaruka kabla pikipiki haijasimama. Niliwaona kwa mbali, watatu, kichuguu mbele yao, magunzi yote bado yamesimama. Mmoja alikuwa amejishika mbavu kwa kucheka. "Imekohoa! Gesase, hata bastola imechoka na wewe, inataka kustaafu!" Na mwingine, "Usitafute sababu, leta sukari!" Na Mzee Gesase, mgongo wake umenielekea, anaitazama bastola, anatikisa kichwa, anacheka nao, halafu ananyoosha mkono tena kuelekea kwenye gunzi.

Nilipiga kelele.

"Gesase! Weka chini! Gesase! Gesase!"

Jina tupu. Mzazi wa mkamwana wangu, mtu mzima kuliko mimi, mbele ya rika lake, nimemwita kama ninavyomwita mbwa akikimbiza kuku. Kwetu mtu analipa faini kwa hilo.

Alishusha mkono. Na hakushusha kwa kunitii, alishusha kwa mshangao. Aligeuka polepole, na uso wake sikuwahi kuuona vile.

"Mura," akasema. "Umemwita nani?"

Nilifika nikainyakua ile bastola mkononi mwake, kosa juu ya kosa, nikaifungua, nikamwaga risasi kiganjani. Nikainua mtutu juu angani nikamwonyesha. Hapakuwa na mwanga. Kichwa kimekaa katikati kama mwiba kwenye koo.

Wale wawili wakaacha kucheka.

Nilipiga magoti kwenye nyasi nikatoa koleo, nikaanza kufungua zile risasi moja moja mbele yao, nyingine za kwenye silinda, nyingine za kwenye kasha. Hii tupu. Hii imejaa mara mbili. Tupu. Mara mbili. Niliendelea mpaka mwisho, na katika kasha zima nililomkabidhi mzee yule kwa mikono miwili, hapakuwa na hata moja iliyokuwa sawa. Hata moja. Iliyokuwa inafuata kwenye silinda, ile ambayo kidole chake kilikuwa kimeshaanza kuivuta, sitaki kuandika ilikuwa ya aina gani. Mnaweza kujua.

Mzee Gesase alikaa chini. Alikaa kabisa, kwenye majani yenye maji. Nikamweleza. Kwamba nilisimamisha kazi katikati, kwamba kibao kilikuja kugeuka, kwamba nilipoendelea sikutazama ndani kwa tochi kama inavyonipasa. Nilisema kilikuja kugeuka. Sikusema na nani.

Mmoja wa wale wazee, yule aliyekuwa anacheka sana, akaniuliza kwa sauti ya baraza. "Kibao hakina miguu. Kuna mkono mwingine uliokigusa? Kama upo utajwe, jambo kama hili haliachwi hivi hivi. Mkono huo lazima usafishwe."

Wote watatu wakanitazama.

Nikamwona Robhi akilini mwangu. Nikaona maneno yakipanda kutoka bondeni mpaka dukani, kutoka dukani mpaka mnadani, kwamba binti wa Gesase alikaribia kumuua baba yake kwa mkono wake mwenyewe akiwa kwa wakwe zake. Maneno ya namna hiyo huku kwetu hayafi. Mtoto wake angekua nayo.

"Hapana," nikasema. "Ni mikono yangu peke yake."

Mzee Gesase alinitazama usoni. Sijui aliona nini. Akanyoosha mkono nimwinue. Akaniambia, "La jina langu tutalikalia siku nyingine, mbuzi utamleta. Leo nalipokea. Ungeniita kwa heshima ningekuwa bado nageuka kukuitikia huku kidole kinavuta." Halafu, nilipokuwa nimeshapanda pikipiki na bastola yake nimeifunga kwenye kitambaa, akaja karibu.

"Msalimie Robhi," akasema. "Mwambie sijambo."

Nimefika nyumbani nimemwambia Mama Chacha neno moja tu, yuko salama. Amelia. Nimesikia na jikoni kuna mtu analia. Tangu hapo sijatoka kwenye kiti hiki.

Sasa shida yangu, ndugu zangu.

Njiani nikirudi nilitafuta wa kumlaumu, na niliwapata wengi. Nilisema, isingekuwa Sabato ningemaliza kibao Ijumaa. Nikaona aibu kubwa, maana Mungu hakuniambia niache tochi. Aliniambia nipumzike, na kupumzika hakujamuua mtu. Nikasema, isingekuwa soni yetu, Robhi angeniambia Jumamosi ile ile jioni niliporudi, baba, nimesogeza vitu vyako. Maneno manne. Aliyabeba mpaka mama mkwe wake aliporudi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na kwa sababu mimi niliifanya sauti yake kuwa kitu cha kujisifia kwamba sikijui. Hilo sina pa kulipeleka. Heshima naipenda bado. Nimekulia humo na nitazeekea humo. Lakini kuna kiburi nilichokuwa nakilisha ndani yake, na leo kiburi hicho kilikuwa kimekaa kwenye silinda pamoja na zile risasi.

Na mwisho nilifika pale ambapo ningetakiwa nianzie. Tochi. Hakuna Sabato wala soni wala mvua iliyonishika mkono nisiwashe tochi.

Kwa hiyo kesho asubuhi naenda kituoni, kwa afande anayesimamia mambo ya silaha, nikamweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Ufunguo nitamwonyesha na msumari nitamtajia. Akinifungia chumba, atakuwa amenifungia kwa haki. Hilo nimeshaliamua na wala haliniumizi sana.

Linaloniuma ni lile "hapana".

Nilisema uongo. Nimeuzungusha kichwani nikitafuta jina zuri zaidi la kuupa, silipati. Nilimkinga mtoto wa watu, ndiyo. Lakini Mzee Gesase aliuliza, yeye kwa macho na mwenzake kwa mdomo, jambo ambalo ana haki ya kulijua, na mimi mtu wa kushika amri nikamtazama usoni nikasema hapana. Na nikimwacha aamini hivyo, hatajua kamwe kwamba aliyemwokoa leo ni binti yake. Mimi nilikuwa nazunguka tu sebuleni kama kuku. Yeye ndiye aliyekumbuka kibao kiligeuka. Yeye ndiye aliyejua simu haishiki bondeni. Yeye alivuka mlango ule.

Uongo wangu umemfichia Robhi lawama. Umemfichia na hilo la kumwokoa baba yake.

Nitarudi Nyanungu. Nitamwambia Mzee peke yake, si mbele ya rika. Ni baba yake, ataelewa kuliko baraza. Lakini siwezi kulipeleka jina la Robhi kule bila yeye kujua, na akisema nisilipeleke, basi nitalibeba mimi na Mungu wangu. Na swali hilo haliwezi kupita kwa Mama Chacha. Nimejaribu kumwita nimpe ujumbe ampelekee kama kawaida yetu, mdomo ukagoma. Salamu ya baba yake pia bado ninayo kifuani, sijampa mtu.

Kuna mwanga wa moto jikoni, na harufu ya uji wa mtoto. Sitaingia ndani, hapana, heshima bado ipo. Nitasimama nje ya mlango, hapo kwenye matone ya mabati, nimpe mgongo kama yeye atakavyopenda nimpe.

Nitaita jina lake, nitasema asante ile ambayo alasiri sikuisema, halafu nitamwambia baba yako anakusalimia, hajambo. Halafu nitamuuliza. Na safari hii nitanyamaza mimi, mpaka amalize.